Bi Rukia Alipotufungulia Biashara

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa dukani nilipojua kwamba mtaani kwetu, Mji wa Kale, kulikuwa na watu wasiotakiwa kununua kitu asubuhi. Waliitwa wenye mguu mbaya. Mmoja wao akiwa mnunuzi wako wa kwanza, siku hiyo usitarajie kheri. Hakuna aliyeogopwa kama jirani yetu Bi Rukia, mjane aliyefiwa na waume wawili. Wenye maduka wakimwona anakuja mapema, walijifanya hawajafungua.

Mama alikuwa ameanza kuuza mahamri na mbaazi kwenye baraza ya nyumba yetu, baada ya baba kuachishwa kazi bandarini. Unga ulipanda bei kila mara, na leseni hakuwa nayo. Nyanya, mamake baba, alimwonya tangu mwanzo: "Muuzie umtakaye, lakini Rukia asikufungulie, asiwe wa kwanza kununua. Nakwambia mimi."

Asubuhi moja, karai ndiyo kwanza linapata moto, Bi Rukia akasimama mbele yetu na bakuli lake. Barazani kwa jirani, wanawake waliokuwa wakizungumza wakageuka kututazama. Nikamvuta mama leso.

"Sabalkheri, Bi Rukia," mama akasema. "Karibu. Leo wewe ndiwe wanifungulia."

Bi Rukia akasita. "Ngoja aje mwingine, mwanangu. Nitarudi."

"Mwingine wa nini, na wewe ushafika?"

Akamjazia bakuli. Kabla jua halijapanda, askari wa mji wakaja wakachukua karai, jiko na mahamri yote, kwa kuwa tuliuza bila leseni. Mtaa mzima ukasema ulijua. Nyanya alimtazama mama tu, na mtazamo ule ulikuwa mchungu kuliko maneno. Mimi nililia, na niliamini kabisa.

Alasiri Bi Rukia akabisha hodi. Alikuwa amebeba karai kubwa kuliko letu, alilopikia harusini enzi zake.

"Leseni yataka pahali, nawe huna," akamwambia mama. "Mimi nina chumba cha mbele, chatazama njia. Njoo upikie kwangu. Lakini ujue, watu hawataingia."

"Wataingia," mama akasema.

Hawakuingia. Majirani walipita upande wa pili wa njia, na siku zile za mwanzo mahamri tulikula wenyewe, asubuhi na jioni, hadi baba akaomba ugali. Hapo mama akaamua kuwafuata wasiomjua Bi Rukia. Akajaza kapu, tukaenda Mwembe Tayari kwenye mabasi ya bara. Abiria wenye safari ndefu hawakuuliza nani ametufungulia wala kwa mguu gani. Walinusa iliki, wakanyoosha mikono madirishani. Kapu likaisha kabla basi la kwanza halijaondoka! Mama alirudi nyumbani akicheka njia nzima, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba aachishwe kazi.

Utingo mmoja akaanza kuagizia basi lake lote. Bi Rukia alikanda, mama akakaanga, mimi nikapepea makaa kabla ya kwenda shule. Leseni ikapatikana. Majirani nao wakaanza kuja, kwanza kwa kutuma watoto, kisha wenyewe. Siku moja akaingia nyanya. Akaketi, akala polepole, akasukuma sahani mbele.

"Rukia," akasema, "nitilie mbaazi nyengine."

Bi Rukia akamtilia hadi zikamwagika. Mama aligeukia ukuta ili tusimwone machozi.

Leo mkahawa wetu uko Ndia Kuu, na ni mimi ninayeuendesha. Nikikumbuka siku ile, sioni kwamba nyanya alikosea kote: hasara tuliipata kweli. Lakini askari wangekuja hata kama angetufungulia sharifu wa ukoo wa Mtume. Mama alikuwa na mikono na bidii. Alichokosa ni pahali pa kusimama bila kufukuzwa, na mwenye pahali alikuwa yule tuliyefundishwa kumkimbia. Wasichana wanaotaka kuanza biashara huja kuniuliza mtaji waupate wapi. Huwauliza kwanza, mtaani kwao, ni nani asiyepewa salamu.