"Tatizo ni langu, mke wangu muacheni": Fundi Chuma na uanaume alioukataa

Jua ndiyo kwanza linagusa paa la duka la matairi, na nyuma yake fundi mmoja mrefu tayari amepiga magoti mbele ya geti lililolazwa juu ya matofali. Anashusha kinyago usoni, anagusisha kijiti cha kuchomelea kwenye kona ya fremu, na cheche zinaruka hadi ukingoni mwa barabara.

Dereva wa lori anayesubiri tairi lake lizibwe anasogea kutazama.

"Chuma, kila siku mageti ya kufungia watoto wa wenzako," anasema kwa sauti, huku akiwageukia waliokaa kwenye benchi ili wacheke naye. "La kwako utatengeneza lini?"

Fundi anainua kinyago.

"Kwangu hakuna mtoto, na mwenye tatizo ni mimi, si mke wangu. Daktari alinipima," anajibu. "Una swali lingine, au nikupimie geti?"

Dereva anakohoa, anajikuna shingo, kisha anauliza bei ya geti.

Fundi huyu mwenye umri wa miaka thelathini na minane amekuwa akitoa jibu hilo hadharani kwa zaidi ya miaka miwili sasa. Amelitoa mbele ya ukoo, mbele ya wazee wa kanisa na mbele ya wateja. Limemgharimu kazi. Limemfanya agombane na mtu aliyemlea. Lakini ukimuuliza kama anajuta, anakutazama kama umemuuliza kama anajutia kupumua.

"Nimechelewa kuwa mwanaume," anasema. "Sasa nimeshakuwa, mnataka nirudi wapi?"

Baba yake alifariki yeye akiwa bado shule ya msingi, na baba yake mkubwa, mwenye karakana ya kuchomelea, ndiye aliyemchukua. Alimlisha, akamsomesha kadiri alivyoweza, akamfundisha kazi. Chuma hataki mtu amseme vibaya mzee huyo. "Viatu vyangu vya kwanza vya ngozi alininunulia yeye," anasema. "Alinipa kila alichokuwa nacho. Tatizo ni kwamba na uanaume alionipa ulikuwa ule aliokuwa nao."

Uanaume huo ulikuwa na amri moja kubwa: mwanaume haelezi. Akiumia haelezi. Akikosea haelezi. Siku moja, akiwa kijana, bomba la moto lilimlalia mkononi. Hakupiga kelele. Alilisukuma kando na kuendelea na kazi huku ngozi ikichubuka, na baba mkubwa akawaita mafundi wote waje kumtazama. "Huyu ni chuma," alisema. Jina likakaa. Kovu nalo limekaa, kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja.

Alioa akiwa na miaka ishirini na saba. Mkewe ni mwalimu wa chekechea, mwanamke mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kujibu. Miaka ilipita bila ujauzito, na maswali yakaanza kwa upole kabla hayajawa makali. Mwanamke ndiye aliyeulizwa. Mwanamke ndiye aliyepelekwa kuombewa, akanyweshwa dawa za mitishamba zilizomlaza kitandani, akaambiwa afunge, akaambiwa aungame.

"Kuna shangazi aliniuliza kama nilitoa mimba nikiwa msichana," anasimulia mwalimu huyo. "Aliniuliza jikoni, huku ananisaidia kumenya vitunguu. Nililia, na vitunguu vikanisitiri."

Hospitali ilipompima, ilimwambia hana kasoro yoyote. Daktari akamwambia amlete mumewe. Mumewe akasema ana kazi nyingi.

Kilichombadilisha hakikuanzia kanisani, ingawa alikuwa anakwenda kila Jumapili na kukaa safu za nyuma. Kilianzia karakanani kwa baba mkubwa, alikokuwa bado anafanya kazi, wakati wa chai. Mpaka rangi mmoja wanayemwita Brashi alikuwa na desturi ya kusoma sura moja ya Maandiko kila siku huku wenzake wakinywa chai. Hakuhubiri. Alianzia mwanzo kabisa, akasoma, akafunga, akarudi kwenye ndoo zake.

Asubuhi moja Brashi alisoma habari za bustani, watu wawili na tunda. Wote walikuwa wanaijua tangu utotoni, na fundi mmoja akatania kwamba ndiyo maana matatizo yote ya dunia yameletwa na wanawake.

Brashi akatabasamu. "Mungu alipokuja, alimuita nani?"

Akakifunga kitabu.

"Alimuita mwanaume. Alimuuliza uko wapi. Na mwanaume alikuwa wapi? Kajificha nyuma ya miti. Alipotolewa huko, alijibu nini?"

"Alisema ni huyu mwanamke," Chuma akajibu.

"Haya," alisema Brashi, akachukua brashi zake akaondoka.

Chuma anasema chai ilipoa mkononi mwake. "Nilikuwa nimeisikia habari ile mara nyingi mno. Lakini siku ile nilijiona mle ndani. Ukoo mzima unauliza, na mimi nimejificha nyuma ya mke wangu. Nikasema, kumbe huyu mwanaume wa kwanza aliharibikia hapa. Kula ni kosa, sawa, wote wawili walikula. Lakini kumsukuma mwenzio mbele ili wewe usionekane, hilo lilikuwa lake peke yake."

Wiki hiyo hiyo alikwenda kupimwa. Majibu yalisema mbegu zake haziwezi kutunga mimba, na matibabu yaliyopo hayatoi matumaini makubwa. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kila neno. Kisha akamwambia kitu kingine: "Samahani kwa dawa zote ulizokunywa."

"Hapo ndipo niliposhtuka," anasema mkewe. "Majibu sikuyashangaa sana. Lakini Chuma kuomba samahani? Nilidhani ana homa."

Kumbe wakati huo kikao cha ukoo kilikuwa kimeshaitishwa. Ajenda haikufichwa: miaka tisa imetosha, mwanamke arudishwe kwao. Mama yake Chuma, ambaye mwanawe alikuwa amemweleza majibu, alimpigia simu asubuhi ya kikao huku akilia.

"Mwanangu, nyamaza," alimsihi. "Yeye ni mwanamke, atapata mume mwingine. Wewe ukishalisema hilo, utabaki na nini?"

Walikaa sebuleni kwa baba mkubwa. Mzee alikuwa kwenye kochi lake, shangazi kulia kwake, ndugu wengine kwenye viti vya plastiki. Mwalimu alipewa kigoda karibu na mlango wa jikoni. Chuma aliingia, akakiona kiti alichowekewa kando ya wanaume, akakibeba na kwenda kukiweka kando ya kigoda cha mkewe. Akamkalisha mkewe kwenye kiti, yeye akakaa kigodani.

Baba mkubwa alianza kuzungumza juu ya jina la ukoo na uvumilivu. Chuma akasimama.

"Baba mkubwa, kabla hujaendelea. Nimepimwa. Tatizo ni langu."

"Kaa chini."

"Nitakaa nikimaliza."

"Nimesema kaa chini! Mambo hayo hayasemwi!"

"Alipokuwa anasingiziwa yeye, yalisemwa," alijibu Chuma. "Yalisemwa jikoni, yakasemwa kwenye misiba, yakasemwa mpaka kwenye harusi za watu. Leo yamekuwa yangu ndiyo hayasemwi? Mke wangu haendi popote. Shangazi, una neno la kumwambia?"

Shangazi alitazama zulia.

Mwalimu anakumbuka kwamba mumewe alikuwa anatetemeka miguu. "Watu wanasema alisimama kama simba. Simba gani? Nilikuwa nimekaa pale, nilikuwa naona suruali inavyotikisika. Lakini alimaliza."

Siku iliyofuata alikuta vifaa vyake vimewekwa nje ya karakana, na kufuli mpya mlangoni. Baba mkubwa alimwambia maneno machache: mtu asiyejua kutunza siri ya nyumba hawezi kushika ufunguo wake.

Hakuwa na mashine ya kwake. Kwa miezi kadhaa aliishi kwa kuazima, akiziba mikokoteni na majiko, na mapato yake hayakufika hata theluthi ya alichozoea. Mshahara wa chekechea ndio uliolipa kodi ya nyumba. Mwenye duka la matairi alimpa nafasi ya nyuma kwa sharti la kumtengenezea rafu. Wateja wengine walikuja kwa ajili ya kazi, na wengine, anasema, walikuja kuangalia "huyo mtu" ana sura gani.

Kanisani nako hakukuwa laini. Alipoomba nafasi ya kutoa ushuhuda kwenye umoja wa wanaume, mwenyekiti alimvuta pembeni.

"Alinishauri nishuhudie juu ya kupoteza kazi na Mungu kunipa nyingine, lakini ile sehemu ya hospitali niiruke. Eti nitawavunja moyo vijana," anasema Chuma. "Nikamwambia, mwenyekiti, Maandiko yenyewe hayajaruka. Daudi alilala na mke wa mtu, imeandikwa. Petro alikana mpaka jogoo akawika, imeandikwa. Kama Mungu hakuwaficha hao, mimi nani anifiche?"

Hakupewa nafasi. Jumapili iliyofuata, watu walipoulizwa kama kuna mwenye neno la shukrani, alisimama kutoka safu ya nyuma na kusema yote, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Wengine walitoka nje. Mwenyekiti alikuwa miongoni mwao.

Hakutarajia kilichofuata. Mwanaume mmoja alifika kibandani kwake akauliza bei ya madirisha. Chuma alipotaka vipimo, ikaonekana hana nyumba wala kiwanja. Alizunguka-zunguka, akatazama huku na huku, mwishowe akauliza kwa kunong'ona: "Ile hospitali ni ipi?"

Tangu hapo wamekuja wengi, wengine kutoka mbali. Huwa anafunga kazi na kuwasindikiza. Baadhi wamekutwa na matatizo yanayotibika, na wawili wameshapata watoto. Anasema hilo linamfurahisha, na pia kuna siku linamuuma.

"Sitaki kukudanganya," anamwambia mwandishi. "Nilifika kumpongeza mmoja wao, nikapewa mtoto nimbebe. Nilipofika nyumbani sikula. Kuamini hakujaniondolea hilo. Kumenifundisha tu nisimtafute mtu wa kulipia maumivu yangu."

Mkewe naye hapendi sifa zizidi. "Wanawake wananiambia nimeolewa na malaika. Waje wamuone akiwa anatafuta soksi," anasema. "Bado ana hasira, bado ni mbishi. Ila siku hizi akikosea anasema nimekosea. Mnajua wangapi wa namna hiyo?"

Geti la asubuhi limekamilika na Chuma analipiga rangi ya kuzuia kutu. Kazi zimerudi, mashine anayotumia sasa ni yake. Lakini habari aliyo nayo leo ni nyingine. Yeye na mkewe wamepitishwa na ofisi ya ustawi wa jamii kumlea na kumuasili mtoto wa kike wa mwaka mmoja, na wanatarajia kumchukua mwezi ujao.

Habari zilifika kwa baba mkubwa kabla hata yeye hajaenda kumwambia. Mzee, ambaye hajamsemesha tangu siku ya kikao, alimtuma shangazi na ujumbe: mtoto huyo si damu yao, na jina la babu, ambalo ukoo wote unalitumia, asipewe.

Chuma alimkaribisha shangazi kwenye benchi, akamletea soda, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza kama anamkumbuka Yusufu seremala.

"Nilimwambia, shangazi, yule naye alikuwa fundi. Mtoto hakuwa damu yake, na watu walikuwa na midomo kama hii yetu. Lakini ni yeye aliyempa mtoto jina, ni yeye aliyeamka akambeba mtoto na mama yake wakakimbia alipotafutwa kuuawa. Maandiko hayakuandika neno hata moja alilotamka mtu huyo. Yameandika alichofanya."

Shangazi alimaliza soda yake taratibu. Alipoinuka, aliuliza amrudishie mzee jibu gani.

Chuma anachovya brashi kwenye rangi na kurudia mbele yetu alichomjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye geti.

"Nilimwambia mpe salamu nyingi, na mwambie jina la babu nimemuachia. Binti yangu nitampa langu."