Mama wa Omena na Tumbo za Watoto

Wasomaji wangu, yule mama wa omena wa Kisumu Ndogo ametuacha. Presha ilimwangusha asubuhi, kufika jioni hayuko. Nyinyi mnajua vile mtoto akizaliwa huku kwetu tunaenda kumwona na uji, sabuni na midomo mizuri. "Ona vile amefanana na babake," na huyo baba tumemwona mara moja kwa kona. Yule mama alikuwa anaweka karai ya hao samaki wake wadogo chini, anauliza na ile sauti ya kuita wateja: "Tangu azaliwe, amekunya?" Wamama wa kanisa wanafunga macho kama wanaomba.

Hiyo swali aliilipia. Mtoto wake wa kwanza hakupata choo, tumbo ikafura, na wageni wakasifu: "Huyu ameshiba, maziwa ya mama iko na baraka." Alipoanza kutapika kijani ndio wakakimbia hospitali. Alizikwa kabla jina lake lizoeleke mdomoni. Mama hakupata mwingine.

Miaka ikapita, msichana wa plot yetu hapa Kawangware akajifungua. Siku ya pili tumbo ya mtoto ni ngumu kama ngoma. Mama mkwe, mtu wa Kitui, anavuta maneno: "Aiii, mwana ameshiba, muache alale." Mama wa omena, aliyekuwa amepita na karai yake, hakubishana. Alifunga mtoto na shuka, akaambia msichana, "Vaa viatu."

Huko hospitali, daktari alitoa kanyama kadogo kwa njia ya choo, kakapimwa. Akaongea na pua, vile wao huongea: "Mwisho wa utumbo hauna mishipa ya fahamu ya kuusukuma. Choo inakwama hapo." Wakamtoboa tumbo kando, choo ipitie hapo kwanza, akikua kidogo watoe kile kipande kibovu, waunganishe.

Msichana akalia. "Mathe, watasema mtoto wangu ananuka."

"Na mimi nanuka samaki kila siku. Nimekufa?"

Kwa matanga, mhubiri akapaaza sauti: "Dada yetu hakuacha mtoto." Yule msichana, sasa mama mzima, akasimama na kijana wake mrefu kando, yule wa tumbo ngumu. "Mchungaji, rekebisha hapo," akasema, akakaa.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Sisi tunazaa, halafu ndio tunaanza kuficha. Uchungu ya wengine inafunga mlango. Yake ilikuwa inabisha hodi kwa majirani. Kusifu watoto sote tunajua. Kuwaangalia ndiyo kazi, na tulimwachia hiyo kazi peke yake mpaka akaondoka.