Marufaa ya Baba

Marufaa ya baba, kile kibao cha kukunjua alichowekea msahafu, ilivunjika katika miaka ya hamsini, wakati mimi ni msichana nashona nguo za watu hapo Jang'ombe. Nikasema nitamnunulia mpya kwa jasho langu.

Fundi hodari alikuwa mmoja tu, kwenye kichochoro cha mtaa wa Malindi. Lakini mama yake mzazi alikuwa jirani yetu, kapanga chumba. Mwanawe alimtoa nyumbani mchana, watu wanaona, kwa sababu bibi huyo aligombana na mkewe, na tangu siku hiyo hakuja kumtazama. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea bi mkubwa yule uji.

Kwanza nilikwenda kwa fundi mwingine. Kazi yake ilikuwa mbaya, kibao kinacheza ukikikunjua. Nikapita kwa yule wa Malindi, najiambia naangalia tu. Akanitolea marufaa ya mvule, ubao mmoja uliopasuliwa ukakunjuka bila ya msumari hata mmoja, maua yamechongwa mpaka ukingoni. Akanikaribisha kwa upole, akanifutia kigoda. Niliitazama mikono yake nikashindwa kuelewa: ndiyo hii iliyotupa mkeka wa mama yake njiani? Nikaaga bila ya kununua.

Nilimsimulia bi mkubwa, nikidhani atafurahi. Akaweka kikombe chini.

"Usiponunua wewe, mwanangu, na mwenzako asinunue, atakula nini?"

Nikamwambia, lakini kwa aliyokutendea. Akasema hayo ni yake na mwanawe na Mungu. Kisha akaniuliza kama mwanawe bado anakohoa.

Siku ya pili nikarudi, nikainunua. Alipokuwa akiifunga kwa gazeti nikamwambia, "Mama yako anakusalimu."

Hakunituma, nilizua mwenyewe. Mikono ikasimama. Halafu akaniuliza kama gazeti moja litatosha.

Bi mkubwa alikuja kuiona. Akapitisha vidole kwenye maua, akasema nakshi ile mwanawe alifundishwa na marehemu baba yake. Nilipomwambia zile salamu, akaondoka, na kwa siku mbili hakuupokea uji wangu.

Baba aliisomea kila alfajiri. Nilitaka kumwuliza kama inafaa kununua kwa mtu aliyemtoa mama yake nyumbani, nikaogopa atairudisha, nikaogopa pia ataniambia hapana ubaya.

Bi mkubwa alifariki kabla ya Ramadhani. Mwanawe alikuja mazikoni, akashika jeneza upande wa mbele, akilia kuliko watu wote. Nilimtazama kutoka dirishani. Nilitaka kumchukia nisiweze, nikataka kumhurumia nisiweze pia.

Mwaka uliofuata shoga yangu aliniuliza nani fundi mzuri wa sanduku la harusi. Nikamwelekeza Malindi. Alipokwisha kuondoka nikatoka mbio mlangoni nimwite arudi, nikamwona anakata kona, na sauti haikunitoka.