Mama Kiboko Aliyekwenda Kurasini

Nilitoka Tunduma kwa basi, siku mbili njiani, maana Mikumi tulilala tukingoja springi. Nilipofika kwa dada yangu Mwananyamala mgongo umekufa ganzi, nikajitupa kwenye kochi. Watoto wake walikuwa wanaangalia katuni wanayoipenda kuliko zote. Ilipoisha, sehemu ya pili ikajianzisha yenyewe. Hazikupita dakika tano, sebuleni nimebaki mie na feni. Nikacheka peke yangu. Jambo hili, rafiki yangu, niliwahi kuliona mtaa huuhuu.

Nyuma ya duka la Mwarabu kulikuwa na banda lake la video: mabati juu, mabenchi nyuma, mikeka mbele kwa sie wadogo. Jumamosi alasiri, ukishateka maji na kufagia uwanja, bibi anakuachia. Banda lilinukia ubuyu, mihogo ya kukaanga na jasho letu. Pembeni ya televisheni alikaa mtafsiri na maiki yake, akiwasemea wote wa kwenye picha kwa Kiswahili, wazee, watoto, hadi mvua.

Katuni yetu ilikuwa ya kiboko mdogo. Siku ya kwanza, mafuriko yalipomzoa mama yake, mkeka mzima uliangua kilio. Mtafsiri akaingiwa na hofu, maana vilio vikifika nje mama zetu wangetuita nyumbani. "Msilie!" akasema haraka. "Mama kaenda Kurasini, hapo bandarini, kuwapikia wapakuzi wa meli. Atarudi na kanga." Tukanyamaza. Tuliirudia katuni ile sijui mara ngapi, na kila mara mama alikwenda Kurasini.

Hatimaye ikaja sehemu ya pili. Wakati huo watu walishaanza kununua video zao, na mwenye duka amelichoka banda. Akamwambia mtafsiri mbele yetu, "Jumamosi hii wakikukimbia, Jumapili naweka magunia ya unga humu." Mtafsiri hakuwa na kazi nyingine, wala hakuitaka.

Tulijaa hadi madirishani. Kiboko katokea mkubwa, ana mke, anatafuta hazina. Mama hayupo, hata hatajwi.

"Mama yuko wapi?" mmoja akauliza.

"Yuko njiani."

"Mpaka leo? Kwani Kurasini ndo Ulaya, braza?"

Tulicheka mpaka basi. Baada ya hapo hakuna aliyejali tena. Hatukuzomea, hatukukasirika. Mmoja alitoka kununua ubuyu, wawili wakaenda kucheza rede, wengine wakawafuata. Rangi zilikuwa nzuri kuliko za kwanza, lakini hatukuona tulichokuwa tunakingoja. Tukabaki sita. Mlangoni mwenye duka anachezea funguo.

Mtafsiri akazima televisheni. Akavuta pumzi, akasogeza maiki.

"Siku hiyo, pale Kurasini, mama kiboko akafunika masufuria, akaaga."

Akamwogelesha baharini, akampandisha Mto Msimbazi, kanga kichwani zisilowe. Jangwani akakutana na mamba anadai nauli. Spika ilikuwa juu ya paa, na walioko nje wakaanza kurudi, mmoja mmoja, mdomo umejaa ubuyu. Banda likajaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Mama alipofika, mwanawe hakumtambua, hadi aliposhikwa sikio: "Haya masikio umeosha lini?" Hapo tulipiga makofi hadi mabati yakatetemeka.

Mwenye duka bado amesimama mlangoni. "Na yule mamba, mmemwacha hivihivi?"

"Jumamosi ijayo, ami."

Akatia funguo mfukoni. Unga ukabaki dukani.

Leo pale pana nyumba ya ghorofa, na mtafsiri sijapata wa kumwulizia. Mie niliondoka mwaka uliofuata, baba alipohamishiwa bara. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Tulipakia vitanda na kuku kwenye pikapu, nikakaa nyuma juu ya magodoro. Tulipokuwa tunapita nyuma ya duka, kipindi kilikuwa kimeshaanza. Nilisikia sauti ya mtafsiri, ila sikuyapata maneno. Gari likakata kona, na banda zima likaangua kicheko. Sijawahi kujua walicheka nini.