Nilibonyeza kitufe kimoja, wagonjwa wote wakawa Waswahili. Mama Riziki ndiye aliyeniokoa

Wakuu, salaam popote mlipo. Hii siyo chai. Yamenikuta mwenyewe, na anayeaibika humu ndani ni mimi.

Nipo Minnesota mwaka wa nne sasa. Naishi Brooklyn Park, kazini ni Saint Paul, mitaa ya Frogtown, kwenye ofisi ndogo inayopanga wakalimani wa hospitali. Mgonjwa ana appointment na Kiingereza hakipandi, sisi ndio tunamtafutia mtu wa lugha yake.

Rekodi zipo kwenye orodha moja tunayoitumia wote. Jina, saa, kliniki, lugha. Kikibadilika kitu, unatafuta mstari wa mgonjwa unarekebisha kwa mkono.

Dawati letu linaongozwa na Mama Riziki, Mkongo wa Uvira, kapita miaka sitini. Anampigia simu kila mgonjwa, na mkalimani kwenye laini, anauliza mpaka magoti yanaendeleaje. Nilimpenda, ila kimoyomoyo nilisema huyu mama anachelewesha kazi.

Basi mimi, mtu wa IT, nikajenga dashibodi. Unaona appointments zote, unamchagua mgonjwa, unachagua lugha, unabonyeza kitufe, automation inarekebisha orodha yenyewe. Boss, dada mmoja Mmarekani, akafurahi. Nilikuwa bado kwenye probation, kipindi cha majaribio, nikajiona nimeshapita.

Kwa wasiojua: kitufe kile kinatuma mistari yote iliyopo kwenye skrini muda huo. Umechagua mtu mmoja, anakwenda mmoja. Hujachagua, wanakwenda wote.

Nililijua hilo. Kizuizi nikasema nitaweka wiki ijayo.

Alhamisi moja, saa nane mchana, theluji inamwagika, nikawa nambadilishia mzee mmoja lugha iwe Kiswahili. Nilidhani nimemchagua. Kumbe nilipo-refresh ukurasa, uchaguzi wangu ulijifuta.

Nikabonyeza.

Wakuu, orodha ikaanza kugeuka mstari kwa mstari. Kiswahili. Kiswahili. Kiswahili. Wahmong wa Laos, Wasomali, Wakaren wa Burma, bibi wa Kihispania, wote wakawa Waswahili.

Na saa kumi kamili wakalimani wanatumiwa meseji za kesho. Zinatumwa na kampuni nyingine kutoka kwenye orodha hiyohiyo, sisi hatuna pa kuzizimia. Nikampigia fundi wetu wa mifumo. Rekodi za zamani zinarudishika, akasema, lakini mpaka kesho mchana.

Kesho asubuhi kulikuwa na mama wa Kikaren wa operesheni ya jicho. Nikamuona kichwani, kafungwa bandeji, haoni, halafu mtu anamwambia "pole mama" kwa Kiswahili.

Nikaenda kwa boss nikasema ukweli wote. Akaniambia nirekebishe ninachoweza. Nikaenda kwa Mama Riziki.

"Mama, nimeharibu orodha."

Akavua miwani. "Yote?"

"Lugha zote."

"Leta kiti, ikala hapa. Somea mimi majina ya kesho."

Kompyuta hakuigusa. Alifumba macho tu, mimi nasoma na kuandika.

"Huyo iko Mhmong, lakini usimupe mwanaume, anasikia haya. Huyo Somali. Huyo, banaandika Français, ni bongo, uongo! Français anajua bonjour tu, umupe Kibembe."

Majina sitini na mawili. Alikwama kwa wanne, akapiga simu majumbani kwao, wakapokea watoto wanaojua Kiingereza, na magoti akauliza vilevile. Safari hii sikuona anachelewesha.

Saa kumi kasoro dakika nane tukamaliza.

Kesho yake fundi akarudisha rekodi za zamani, tukazilinganisha na za mama. Zilitofautiana sehemu tatu. Tukapiga simu kuhakikisha. Mara zote tatu, mama ndiye aliyekuwa sahihi. Orodha yetu ilikuwa na makosa siku zote, na hakuna mgonjwa aliyewahi kulalamika.

Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nilikuwa nasema moyoni kwamba wewe ni mzito."

Akacheka mpaka akashika meza. "Na mimi nilikuwa nasema kwa roho, huyu mutoto iko na haraka ya bure. Sasa tuko sawa."

Probation nilipita. Kitufe sasa hakibonyezeki mpaka uwe umechagua mtu mmoja, na kinakuonyesha jina lake kwanza. Halafu mama akadai niongeze sehemu ya kuandika maelezo, anaijaza mwenyewe.

Juzi niliifungua kwa mzee mmoja, nikakuta: "Anasikia sikio la kushoto. Bibi yake wa ndoa alikufa mwezi uliopita. Mukalimani asimuulize kama amekuja na nani."

Nikamsomea mkalimani neno kwa neno.

Nilichojifunza: kabla hujamrahisishia mtu kazi, kaa naye ujue anafanya nini hasa.

Haya, uwanja wenu. Ofisini kwenu nani anabeba kichwani vitu ambavyo mfumo haujui? Na wa IT wenzangu, mnaoweka vizuizi "wiki ijayo", jitokezeni tujuane.