Ubeti wa Mwisho wa Wimbo wa Satelaiti

Linah Chepchirchir, mwongozaji wa kwaya moja ya kanisa huko Njoro, alikuwa na wimbo ambao kwa miaka miwili alishindwa kuumaliza. Mapigo yake hakuyatoa ngomani. Aliyatoa angani.

Marehemu mumewe, Kosgei, alikuwa mpimaji wa mvua katika kituo cha hali ya hewa. Nyumbani aliweka redio ndogo iliyounganishwa na nyaya za shaba juu ya paa. Satelaiti moja kuukuu ya hali ya hewa ilipopita juu ya Bonde la Ufa, redio ilivuma kama mvua ya mbali, kisha ndani ya uvumi huo zikachomoza tiki, mbili kwa kila sekunde, zikakua, zikafifia.

"Sikia, mama," Kosgei alizoea kusema, huku wakiambua minji. "Huyo anahesabu mawingu yetu."

Alipofariki, Linah aliendelea kusikiliza peke yake. Tiki akazipa kayamba, uvumi akaupa sauti nzito za wanaume, akatunga beti tatu. Wa nne ulikuwa wa kuaga. Kila satelaiti ilipopita alitega sikio apate mwanzo wake, na kila mara aliuahirisha. Sasa Jumapili ya ukumbusho wa Kosgei ilikuwa imekaribia, na redio ikawa inavuma tu. Alibadilisha betri. Akapanda ngazi, akakaza nyaya. Hakukuwa na tiki.

Jumatatu aliifunga redio kwa leso, akaipeleka mtaa wa Section 58 mjini, kwa mzee Jaswant, fundi aliyeijua tangu Kosgei akiwa kijana.

"Mama, hii redio itatuzika sote!" Jaswant alicheka. Aliifungua, akaijaribu, kisha akasoma simu yake kwa muda mrefu, kicheko kikamwisha. "Redio ni nzima. Satelaiti ndiyo imezimwa na wenyewe. Ilizeeka."

"Imeanguka?"

"Hapana. Bado inazunguka. Inapita tu, haisemi."

Linah alikunja leso mara nne. "Hata Jumapili itapita?"

"Hata sisi tukiwa hatuko." Akamwandikia saa kwenye kipande cha karatasi: saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Kwenye mazoezi, Nasimiyu wa sauti ya kwanza alimchokoza kama kawaida. "Mwalimu, huo ubeti wa nne tuungojee mpaka Yesu arudi?"

"Umeshapatikana. Hauna maneno."

"Aki mwalimu! Sasa tutaimba nini?"

"Mtashika kayamba zisitikisike, dakika moja nzima. Nikishusha mkono, mkae."

Jumapili waliimba beti tatu, na hakuna aliyekosea. Saa nne na dakika ishirini Linah aliinua mkono. Kayamba zikatulia vifuani. Mtoto mmoja alikohoa, kisha kanisa zima likanyamaza. Juu sana, kupita mabati, kupita mawingu ambayo hayakuwa na wa kuyahesabu, ile satelaiti ilikuwa ikipita.

Alikuwa amekusudia kimya kitupu. Lakini chini ya gauni, ncha ya kiatu chake ilikuwa ikigonga saruji kwa upole, mara mbili kwa kila sekunde, wala haikukubali kusimama. Dakika ikaisha. Nasimiyu akamtazama, akingoja ishara. Mkono wa Linah ulikuwa bado juu.