Wimbo Nyuma ya Picha ya Rais

Miaka ile kiwanda kiliponyamaza, mji wote wa Likasi ulikuwa unauza viti vyake kando ya barabara. Nyumbani kwetu kilibaki kimoja, nami sikukiacha. Mama alisema wezi wakija watanibeba pamoja nacho. Ndiyo maana nilikuwepo mchana ule baba alipoanza kuimba. Baba alikuwa amezikwa mwanzoni mwa mvua.

Sauti ilitoka kwenye kabati lake: mstari wa kwanza wa wimbo wa uhuru, nusu ya mstari wa pili, halafu kikohozi. Hivyo ndivyo alivyouimba akiwa hai. Wimbo ule ulipokatazwa, alijizoeza kukohoa kabla hajafika mbali, jirani asije akamshtaki. Alikohoa miaka mingi, hata sisi tukasahau maneno yaliyobaki.

"Minalala namna gani na muntu iko naimba mu kabati?" mama aliniuliza. "Weye iko na diplome, mujibu."

Nilimwambia diplome yangu ni ya biashara, si ya wafu.

Chanzo cha sauti mama alikijua. Ndani ya mlango wa kabati, baba alikuwa amebandika ukurasa wa gazeti la mwaka wa uhuru, la kwanza kuchapa wimbo ule, kisha juu yake akabandika picha ya Rais ili kuuficha. Siku zile mzee mmoja wa Lubumbashi alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta kurasa kama hizo. Alizitia kwenye plastiki kama picha za watakatifu. Mama akamwita. Hakutafuta bei, alitafuta usingizi: ukurasa utoke, na baba atoke nao.

Lakini baba alikuwa amebandika kwa uji mzito wa unga wa bukari, ugali wetu, kama tunavyobandika kila kitu. Ukikauka, ni saruji. Tulilowesha, tukavuta polepole. Picha ilitoka na ngozi ya gazeti. Mlangoni pakabaki weupe mtupu. Maneno yote yalikuwa mgongoni mwa Rais, yamegeuka kinyume.

Mzee alitazama sana, akavua miwani. "Pole, mama. Hii haiko document tena."

Akaenda zake. Kabatini, mstari wa kwanza ukaanza.

Mama alichukua kioo cha kunyolea cha baba, akaniamuru niuelekeze mgongo wa picha kwenye kioo hicho. Kiooni maneno yakanyooka. Sauti ilipofika kwenye kikohozi, mama hakuishia hapo. Alisoma na kuimba hadi neno la mwisho. Niliiona midomo yake ikicheza. Sauti ilikuwa ya mwanaume.

Tangu hapo kabati likanyamaza. Mama akalala kila mchana, tena kwa kukoroma kama kamiyo inayobeba mawe ya mgodi. Nami nikabaki kwenye kiti changu, mlinzi asiyelipwa.

Mchana mmoja nilijikuta naimba chinichini, bila kuwaza. Nilifika nusu ya mstari wa pili, nikakohoa.

Chumbani, mama akaacha kukoroma.